Dizeli nyekundu: wapogoa miti tuelezwe wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo linalotukera sisi tunaofanya kazi ya kupogoa na kuangusha miti hapa Uingereza. Ni suala la dizeli nyekundu: nani anaruhusiwa kuitumia, kwenye mashine gani, na kwa kazi ipi. Miaka imepita tangu sheria ibadilike, na bado ukiwauliza wapogoa miti watatu utapata majibu matatu.

Kwa msomaji asiyeijua, dizeli nyekundu ni dizeli ileile ya kawaida, ila imetiwa rangi na alama za kemikali kwa kuwa imepunguziwa ushuru. Machi 2022 ushuru wake ulishushwa hadi peni 10.18 kwa lita, na wa dizeli nyeupe, hii ya kituo cha mafuta, ukashushwa hadi peni 52.95. Kwa viwango hivyo, tofauti inakaribia peni 43 kwa kila lita. Mashine ya kusaga matawi ikitumia lita 20 kwa siku, hiyo ni zaidi ya pauni 8 na nusu, na kodi ya VAT bado haijahesabiwa. Kampuni kubwa haitayumba kwa fedha hizo. Kwa watu wawili wenye gari moja na mashine moja, zinakula faida ya siku.

Ndugu zetu wa nyumbani hawatashangaa kusikia habari hii. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Popote serikali inapotoza mafuta ya namna moja ushuru wa namna mbili, lazima iseme bila kumung'unya maneno nani anastahili ule wa chini. Hapo ndipo Uingereza imetuacha njiani.

Mabadiliko yenyewe yalitangazwa katika bajeti ya Machi 2020, Rishi Sunak akiwa waziri wa fedha. Sababu zilizotolewa zilikuwa za mazingira: serikali ilisema dizeli nyekundu ni karibu asilimia 15 ya dizeli yote inayouzwa nchini, na inatoa karibu tani milioni 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Sina ugomvi na lengo hilo. Sisi wa miti tunaona kwa macho hali ya hewa inavyobadilika. Ilipofika tarehe 1 Aprili 2022, sekta nyingi zikapoteza haki ya kutumia dizeli nyekundu, ikiwemo ya ujenzi. Waliobaki nayo ni wakulima, wenye kazi za bustani, wafugaji wa samaki na watu wa misitu, pamoja na reli, vyombo vya majini, viwanja vya gofu, klabu za michezo za wanajamii, na hata sarakasi zinazohamahama.

Sasa niambie, Mhariri, sisi tuko wapi hapo? Mwenye sarakasi ametajwa. Mwenye uwanja wa gofu ametajwa. Mtu anayepanda mti kwa kamba nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjini, akakata tawi lililoegemea paa, sijaona mahali alipotajwa kwa jina. Kazi yake ni ya misitu? Msitu hakuna pale, kuna mti mmoja. Ni ya bustani? Mti umo bustanini, lakini wengine wanasema hiyo maana yake ni kuotesha mazao na maua. Au ni huduma ya kawaida kama ya fundi bomba, ambaye hana haki yoyote? Kila tafsiri ina watetezi wake kazini, na kila mmoja anaapa kwamba ameelezwa hivyo na mtu anayejua.

Tuangalie miti ya ashi (kwa Kiingereza ash), maana hapo ndipo utata unapouma. Kuna ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Uingereza mwaka 2012, unaoikausha miti hii kuanzia nchani kushuka chini. Mti ukishashikwa, mbao zake hupoteza nguvu na kukatika bila onyo, kwa hiyo kuupanda kwa kamba ni kujitafutia kifo. Kazi inabidi ifanywe kwa mashine: jukwaa la kuinulia watu, au trekta yenye mkono mrefu wa kushika na kukata. Halafu mashine ya kusaga matawi, na ya kusaga kisiki. Nyingi zina injini zake, na zinakunywa dizeli. Ugonjwa huu umetuongezea kazi inayotegemea mashine kuliko mikono.

Chukua barabara ya kijijini yenye miti mitano ya ashi iliyokufa. Miwili imesimama ukingoni mwa barabara, na sheria ya ushuru wa mafuta ya mwaka 1979 imetaja kwa muda mrefu kwamba trekta ya kilimo inaweza kukata ua na miti inayopakana na barabara za umma. Wa tatu uko ndani ya kichaka kinachovunwa mbao, na hiyo ni misitu bila ubishi. Wa nne uko kwenye uwanja wa shule. Wa tano unaning'inia juu ya maegesho ya duka. Mashine ni zilezile, watu ni walewale, ugonjwa ni uleule, na huenda kazi yote imemalizwa kabla ya saa kumi jioni. Je, tenki liwe na mafuta ya rangi gani?

Kuna atakayesema jibu ni rahisi: badilisha mafuta kila unapobadilisha kazi. Aliyewahi kushika spana hawezi kusema hivyo. Mashine inayotoka kwenye kazi inayoruhusiwa kwenda kwenye isiyoruhusiwa inatakiwa ioshwe, tenki na mabomba yake, mpaka alama ya dizeli nyekundu isionekane tena. Maana yake umwage mafuta yote, ubadilishe chujio, upitishe dizeli nyeupe na kuimwaga nayo, utoe hewa kwenye mfumo, kisha utafute mahali halali pa kupeleka ule mchanganyiko. Ukifanya hivyo kati ya mti wa tatu na wa nne, siku imekwisha. Na rangi ile ni king'ang'anizi. Inabaki kwenye mpira wa bomba na kwenye pembe za tenki, na ofisa wa HMRC, mamlaka ya kodi na forodha, akichukua sampuli akakuta alama, ana uwezo wa kuikamata mashine yenyewe. Mashine nzuri ya kusaga matawi ni mtaji wa maisha kwa mtu anayejiajiri.

Muuzaji naye hakusaidii. Anayeuza dizeli nyekundu anatakiwa awe amesajiliwa na ajiridhishe kwamba mnunuzi anastahili, kwa hiyo anakuletea fomu useme matumizi yako. Mimi nimeshaona muuzaji mmoja akipokea jibu la "kazi ya miti" bila kuuliza swali la pili, na mwingine akimkatalia mtu mwenye kazi ileile. Yule aliyepokea amekuuzia mafuta, hajakuuzia kinga. Siku ya ukaguzi saini iliyopo kwenye fomu ni yako.

Wapo waliochoka kuuliza wakahamia dizeli nyeupe kwa kila kitu ili walale usingizi. Ninawaelewa. Lakini kama sheria inawaruhusu nyekundu, basi wanalipa kodi wasiyodaiwa, na kwenye zabuni za halmashauri wanashindwa na mwenzao aliyeamua kuitumia. Na kama sheria haiwaruhusu, huyo mwenzao anashinda kazi kwa ushuru usio wake. Kwa vyovyote vile, anayebanwa ni yule anayejitahidi kufuata sheria. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa sisi wahamiaji kuna la ziada. Anayeomba uraia hapa hupimwa pia kwa tabia njema. Kosa la mafuta ambalo Mwingereza atalilipia faini na kulisahau, kwetu linaweza kuleta maswali ofisini miaka baadaye. Ndiyo maana wengi wananyamaza. Wanaona hata kuuliza ni kujichongea.

Ninachoiomba serikali si punguzo jipya. Ikiona tulipe ushuru kamili, iandike hivyo na tutapandisha bei zetu sote kwa pamoja. Ikiona upogoaji wa miti ni sehemu ya misitu au bustani, nayo iandikwe. Iitaje kazi yetu kwa jina: jukwaa la kuinulia watu, mashine ya kusaga matawi, mashine ya kusaga visiki, trekta. Iseme kama kinachoangaliwa ni aina ya mashine, mahali mti ulipo, au sababu ya kuukata. Itoe mifano ya mti wa shuleni, wa makaburini, wa bustani ya nyumba na wa kando ya reli. Kurasa mbili zingetosha.

Wakati tunasubiri, nawasihi ndugu zangu mlio kwenye kazi hii: msiende kwa maneno ya kuambiwa na mwenzenu kwenye gari. Iandikieni HMRC barua, elezeni mashine na kazi yenu kwa ukamilifu, na mtunze jibu. Kwa kila kazi andikeni tarehe, mahali, mteja, sababu ya kukata na lita mlizotia. Tunzeni risiti za mafuta. Gari la kawaida linalovuta mashine barabarani litiwe nyeupe siku zote. Hapo hapana mjadala. Na mwandikieni mbunge wa eneo lenu hata kama hamjapata haki ya kupiga kura, kwa sababu anawawakilisha wakazi wote.

Wahariri wenzako wa magazeti ya Kiingereza wameandika sana juu ya wakulima na mafuta. Kama una mwandishi anayeweza kuipelekea wizara ya fedha swali hili la miti mitano na kuchapisha jibu lake kwa Kiswahili, nitashukuru, na sitakuwa peke yangu.

Wako,
Mpogoa miti, Leicester