Mwanasesere kwa Kijapani

Osaka, 24 Februari

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na unisalimie shangazi na watoto. Nimefurahi mno kusikia umeanza Kijapani. Umeniuliza mwanasesere wanamwitaje, nami sitakujibu kwa mkato, maana neno hili nalipenda.

Ni ningyoo. Huandikwa kwa herufi mbili za kanji, ya kwanza mtu, ya pili umbo. Hiyo o ya mwisho ivute kama ya "choo". Ukiikata unapata ningyo, yaani nguva, yule nusu mtu nusu samaki wa hadithini. Na yule dubu wa manyoya anayelala na mwanao usimwite hivyo. Huyo ni nuigurumi.

Mtoto akichezea wanasesere, sema "ningyoo de asobu". Ila siku hizi nasikia zaidi "ningyoo o kazaru", kuwapanga mahali watazamwe, kwa kuwa Hinamatsuri imekaribia, sikukuu ya watoto wa kike ya tarehe 3 Machi. Jana mama mwenye nyumba aliniita nimsaidie kuwapanga wa binti yake. Seti kamili ni wanasesere 15 juu ya ngazi saba zilizotandikwa kitambaa chekundu. Mfalme na malkia wanakaa juu kabisa, chini yao wanawake watatu wa ikulu, halafu wanamuziki watano. Mmoja wa hao watano hana ngoma wala filimbi, ameshika upepeo tu: ndiye mwimbaji. Si wa kuchezewa hovyo hao! Sikukuu ikipita hufungwa upesi, la sivyo, wazee husema, binti atachelewa kuolewa. Mwambie shangazi, najua atawaunga mkono.

Ukiwahesabu, mmoja ni ittai, wawili nitai, watatu santai. Hiyo tai maana yake mwili.

Neno ni hilohilo kwa vikaragosi wa Bunraku, mchezo wa jukwaani ulio fahari ya mji huu. Ningyoo mmoja huendeshwa na watu watatu: mkuu wao hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Nilimwona mmoja akilia, kichwa kimeinama kidogo tu na mabega yakitikisika, nami machozi yakanitoka kweli. Ukija lazima nikupeleke.

Niandikie sentensi mbili tatu zenye ningyoo, nizisahihishe.

Wako akupendaye,
Mwanaisha