Kwa wanakwaya waliomrekodi mwenzao

Wanangu wa kwaya,

Bwana asifiwe. Ile video nimeiona. Ilinifikia kabla sijamaliza chai ya asubuhi, imetumwa na mtu wa Likoni asiyemjua yule binti hata kwa jina. Mimi namjua. Siku ya ubatizo wake nilimpakata, akanitapikia begani.

Alisimama mbele yenu mwenyewe, akasema ana mimba, akaomba mumwombee. Nyinyi mkatoa simu. Ati ushuhuda!

Kila Jumapili, kabla ya meza ya Bwana, tunaungama pamoja. Hatusemi "amekosa". Twasema "tumekosa", mchungaji na mfagiaji kwa sauti moja. Neno hilo nililitamka miaka mingi bila kulisikia. Nilipokuwa karani Kilindini, mnazi ulinishika vibaya. Jumamosi moja ya Kwaresima nikalala mtaroni Kongowea, na kesho yake zamu ya kusoma somo ilikuwa yangu. Mzee mmoja wa kanisa, sasa marehemu, aliniokota, akanipeleka kwake, akanikorogea uji, kisha akaenda kusoma badala yangu. Alikufa bila kumwambia mtu. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia. Haya, rekodini.

Kanisa la wasafi watupu lilishatafutwa, tena papa hapa Afrika. Katika mateso yaliyoanza mwaka 303, wapo viongozi wa kanisa waliotoa Maandiko yakachomwe moto. Wakristo wenzao walioitwa Wadonato wakasema hao wametia najisi kila walichogusa, hata ubatizo wao si kitu, wakajitenga. Augustino, askofu Mwafrika wa kaskazini, akawakumbusha mfano wa Yesu wa ngano na magugu: vyaachwa vikue pamoja hadi mavuno. Naye alijijua. Aliandika mwenyewe jinsi alivyoiba mapeasi akiwa na miaka 16, wala njaa hakuwa nayo, ni utamu wa kukosa tu.

Sisemi dhambi si dhambi. Nasema anayeujua udhaifu wake bila kuijua neema hukata tamaa, na anayedai neema bila kuujua udhaifu wake huwa kama nyinyi wiki hii.

Na mvulana je? Mwamjua, nami namjua. Jumapili alikuwa amekaa kwenye kinanda, hakuna simu iliyomwelekea. Mji wetu ndivyo ulivyo: mimba ina mama, baba ni upepo.

Mnapita Kengeleni kila siku. Ile kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru miaka ya 1870, ilipigwa kuwaonya watu pale wakamataji wa watumwa wanapokuja. Nyinyi mmewaita wakamataji.

Mengine ni mafupi. Futeni video. Mwambieni kila mliyemtumia afute. Joho lake lirudi kabatini mahali pake. Mama yake msimkwepe sokoni.

Jumapili binti atakaa nami, benchi la tatu upande wa dirisha. Nafasi ipo. Mpiga kinanda naye aje.

Babu yenu,
Kisauni