Mfugaji si mchungaji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maneno mawili ambayo waandishi wetu wanayachanganya: mfugaji na mchungaji.

Mimi nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Kibosho. Machungani hawapajui. Wako bandani nyuma ya migomba, na mimi ndiye ninayewafuatia majani. Alfajiri nashuka na panga na kamba, napanda na mzigo kichwani. Kiangazi kikikaza nawakatakatia shina la mgomba wapate walau yale maji yake. Samadi inarudi kwenye migomba na kahawa. Basi mimi ni mfugaji, na sijachunga hata siku moja.

Kuchunga ni kwenda na mnyama, jicho lisimtoke: asiingie shamba la mtu, asipotee, asiliwe na fisi. Ndiyo maana tunamwambia kijana "jichunge". Ndiyo maana pia Zaburi ya 23 inasema "Bwana ndiye mchungaji wangu", kwa kuwa anayesemwa pale yuko njiani pamoja na kondoo, anawapeleka kwenye majani na maji. Kanisa lilipomwita kiongozi wa usharika mchungaji, lilichukua maana hiyohiyo, na lilifanya vyema.

Kufuga ni habari nyingine. Ni kumkalisha mnyama kwako, azoee, akue, azae. Nyati hafugiki. Mtu hufuga ndevu, hufuga kucha, na anayekwepa hospitali tunasema anafuga ugonjwa. Kote humo kuna kitu kinachokua kwako kwa sababu umekiacha kikae. Kwa jirani zetu Waganda, kufuga ni kutawala kabisa. Nikimtazama mtamba wangu anavyosimama akisikia sauti yangu, naona maana hizo mbili haziko mbali.

Na wenye ranchi, kama ile ya West Kilimanjaro? Nao ni wafugaji tu. Ranchi ni neno la Kihispania, rancho. Lilianza kwa mahali ambapo watu, hasa askari, walikula pamoja. Mexico likawa makazi ya wachunga ng'ombe, Marekani likawa shamba kubwa la mifugo, kisha Kiingereza kikatuletea. Linataja mahali. Mtu mwenyewe tayari tulikuwa na jina lake.

Nendeni mnadani Meserani muone. Mzee mwenye mali amesimama na wanunuzi wanapatana bei, na kijana mwenye fimbo yuko pembeni anazuia kundi lisitawanyike. Mara nyingine ni mtu na mwanawe, na mara nyingine kijana yule ni wa mshahara, hana chake pale. Lakini ng'ombe wakiingia kwenye mahindi ya watu, habari inaandikwa "wafugaji wavamia mashamba", na msomaji hajui kama aliyekamatwa ni mwenye ng'ombe au ni mtumwa wa fimbo.

Hili linaniuma kwa sababu mtoto wa dada yangu alichunga ng'ombe wa mtu huko tambarare. Siku kundi liliposhinda nguvu likaingia shambani, yeye ndiye aliyelala mahabusu siku tatu. Tajiri wake alikuwa mjini. Kwenye karatasi, mbele ya neno "kazi", walimwandika mfugaji. Hakuwa na hata ndama.

Mama mfugaji,
Kibosho, Moshi