Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Jukwaa nalo ni mahali pa kazi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MASIKIO YA WAPIGA MUZIKI WA OKESTRA

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mpiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa upinde ukiwa umeketi. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika okestra moja, kiti cha nyuma kabisa cha safu yetu, na mdomo wa tromboni, ala ndefu ya shaba ya kupuliza, uko usawa wa kisogo changu. Rasimu ya kanuni zako za kelele kazini nimeisoma yote, hadi viambatisho. Viwanda vimo, migodi imo, karakana zimo. Jukwaa halimo.

Sababu naikisia. Kelele ni kero, na sisi watu hulipa kiingilio kuja kutusikiliza. Lakini sikio halina habari kama desibeli 95, kipimo cha ukali wa sauti, zimetoka kwenye msumeno au kwa mtunzi Wagner.

Nikueleze kiti hiki nilikipataje. Kwenye usaili wa okestra unapiga nyuma ya pazia ili wasaili wasijue wewe ni nani. Kwingine hutandikwa zulia hata viatu visikutaje. Unaanza na konseto ya Haydn, kisha unaitishwa vipande vifupi vifupi: mwendo, yaani sehemu, wa pili wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, Brahms ya 2, Don Juan ya Strauss. Sauti ikiteleza kidogo tu, unasikia "asante" kutoka upande wa pili, nawe unafungasha. Mimi niliambiwa "asante" mara saba kabla ya kupata kazi. Kinachopimwa pale ni sikio. Shingo ya chelo haina vigawanyo kama ya gitaa. Kidole kikikosea kwa unene wa uzi, ni sikio linalokirudisha mahali pake. Nikaajiriwa kwa ajili ya sikio hilo, kisha likawekwa mbele ya tromboni.

Utasema, si mvae vizibo vya masikio? Tunavyo. Ila chelo huegemea kifuani, na ukiziba masikio mtetemo wake unapanda kwa njia ya mifupa mpaka kichwani. Unajisikia mwenyewe kama mtu aliye ndani ya pipa, na mwenzako mnayechangia stendi ya nota humsikii. Safu ya watu kumi inatakiwa itoe sauti moja; nitalinganaje na mtu nisiyemsikia? Basi tunaishi kwa kuvua na kuvaa. Nina pumziko la vipimo vinne vya nota kabla tarumbeta hazijaingia, nasukuma kizibo kwa kidole cha mkono ulioshika upinde, na hapo hapo nageuza ukurasa, maana anayekaa upande wa ndani ndiye mgeuzaji. Mara nyingine kizibo hudondoka. Kinabaki sakafuni hadi mwisho wa mwendo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapoongezeka tatu, muda salama unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa nne, kwa 91 saa mbili. Sisi tuna mazoezi asubuhi na onyesho jioni, na katikati tunajifua nyumbani, saa ambazo hakuna anayezihesabu. Umoja wa Ulaya ulipoweka kanuni zake mwaka 2003, sekta ya muziki ilipewa hadi 2008 kujipanga, lakini haikuachwa nje. London, mpiga viola mmoja aliumia masikio kwenye mazoezi ya Die Walküre, opera ya Wagner, mwaka 2012, akiwa ameketishwa mbele ya ala za shaba za Royal Opera House. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2018, na rufaa ya 2019 haikuutengua ushindi wake.

Mimi nina mlio sikio la kulia. Ulianza usiku mmoja baada ya onyesho, nikadhani ni friji. Nikaamka nikaichomoa. Kipimo nilikwenda kufanyiwa mbali, kwa pesa zangu na bila barua ya mwajiri, kwa sababu ofisi ikijua sikio limepungua, itaanza kukitazama kiti. Kwa hiyo naomba, kabla ya mengine yote: kipimo cha masikio kiwe cha kila mwaka, na majibu yawe ya mpimwaji, yasifike kwa mwajiri bila ridhaa yake. Hapo watu wataacha kujificha.

Mengine mafundi wenu wanayajua. Ala za shaba zipandishwe juu ili sauti ipite juu ya vichwa vyetu, nafasi iongezwe, watu wapokezane viti, kazi nzito zisirundikwe wiki moja. Vioo vya kukinga nisivisifie sana: humwokoa aliye mbele, humrudishia mpuliza tromboni kelele zake mwenyewe, naye pia ana masikio.

Wiki ijayo tunaanza mazoezi ya Simfoni ya 6 ya Mahler. Katika mwendo wa mwisho kuna nyundo, Mheshimiwa, nyundo kubwa ya mbao yenye sehemu yake katika nota. Kwa rasimu ilivyo, nyundo hiyo ikipigwa karakanani mkaguzi wako ana la kusema. Ikipigwa nyuma yangu hana. Tunaanza saa nne asubuhi. Mwambie aje na kipimo chake, nitamwonyesha pa kukaa.

Wako mtiifu,
Mpiga chelo, safu ya nyuma