Risala ya Klabu ya Elektroniki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunafahamu una majukumu mengi, na barabara ya kupandia huku shuleni masika haya haijamfurahisha dereva yeyote. Karibu sana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, klabu yetu hukutana kila Jumamosi baada ya usafi wa jumla, kwenye kona ya maabara ya fizikia iliyo karibu na dirisha, kwa sababu moshi wa kulehemu unahitaji pa kutokea. Wanachama wengi ni wa kidato cha tano na cha sita, tahasusi za PCM na PGM (fizikia na hisabati pamoja na kemia au jiografia), lakini wapo wadogo zetu wa kidato cha pili ambao, tuseme ukweli, ndio wanaouliza maswali magumu. Mali za klabu ni bodi chache za Arduino Uno, kreti la redio zilizokufa tulizopewa na wazazi, mita moja ya kupimia umeme, na sanduku la vitabu vya zamani. Wageni wengi wanaopita kwenye meza yetu huziangalia bodi. Leo tunaomba ruhusa yako tulizungumzie zaidi lile sanduku.

Bodi kwanza, kwa ajili ya wazazi ambao hawajapata kuiona. Ni kipande kisichozidi kitambulisho cha NIDA kwa ukubwa, chenye kompyuta ndogo ndani ya chipu moja. Unaandika programu kwenye kompyuta, unaipakia kwa waya wa USB, na kuanzia hapo bodi inafanya kazi peke yake: inasoma kitufe, inawasha taa, inazungusha mota. Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na walengwa wake wa mwanzo hawakuwa wahandisi bali wanafunzi wa usanifu waliotaka vitu vyao viwake na kusogea. Chipu iliyo kwenye Uno inaitwa ATmega328P. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, lakini saa yake inapiga mara milioni 16 kwa sekunde. Hizi za kwetu ni za kuiga, zimenunuliwa Kariakoo, na hilo si wizi, kwa kuwa waanzilishi waliiachia michoro yake wazi kwa yeyote atakaye.

Sanduku lilikuwa stoo, nyuma ya madawati mabovu, likisubiri kuingizwa kwenye orodha ya vitu vya kufutwa. Ndani mlikuwa na vitabu vya usanifu wa saketi za dijitali vya miaka ya 1970 na 1980. Mgeni rasmi, unajua kitabu cha shule kikishafutwa huwa kinaishia wapi: kwa muuza karanga. Hivi vilinusurika kwa sababu mwalimu wetu wa fizikia alipita stoo siku hiyo akitafuta ngazi.

Utajiuliza kwa nini vijana wa leo wakae na kitabu cha mwaka 1979. Sababu ya kwanza haina fahari yoyote: shule yetu ni ya bweni, simu haziruhusiwi, na maabara ya kompyuta hufungwa saa kumi na moja jioni. Saa za prepo, mwenye swali la elektroniki ana kitabu au hana kitu. Sababu ya pili tuliigundua kwenye kitufe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulikuwa tunatengeneza kihesabio. Ukibonyeza kitufe, namba inaongezeka kwa moja. Ndivyo programu ilivyoandikwa, na programu ilikuwa sahihi. Lakini mtu akibonyeza mara moja, onyesho linaruka kutoka 4 hadi 7. Akibonyeza tena, 8. Tena, 11. Kwenye programu za mifano zilizokuja na bodi kulikuwa na dawa: ongeza mstari unaoiambia bodi isubiri milisekunde kadhaa kabla ya kusoma tena. Tukauongeza, tatizo likaisha. Lakini mdogo wetu mmoja wa kidato cha pili hakuridhika. Alitaka kujua milisekunde zile zinasubiri nini. Hakuna aliyemjibu.

Jibu lilikuwa kwenye sanduku, pamoja na mchoro. Ndani ya kitufe mna vipande viwili vya chuma. Vikikutana havitulii papo hapo. Vinagonga, vinaachana, vinagonga tena kwa milisekunde chache ndipo vishikane. Kidole hakihisi chochote. Bodi, ambayo ndani ya milisekunde moja saa yake imeshapiga mara 16,000, inaona kila mgongano na kuuhesabu. Kitabu kile hakikuwa na mstari wa kusubiri, kwa sababu zama zake mwanafunzi hakuwa na programu ya kuuandika. Kilitumia swichi ya njia mbili na geti mbili za NAND, yaani saketi ndogo zinazojibu sifuri pale tu midomo yake yote ya kuingizia ikiwa na moja, kila geti ikirudisha jibu lake kwenye mdomo wa mwenzake. Chuma kikigusa upande wa pili kwa mara ya kwanza, geti zinageuka na kubaki hivyo. Kikidunda angani, hazibadiliki, mpaka kirudi kugusa upande kilikotoka. Chipu ya 7400 ina geti za NAND nne ndani yake, pini 14. Tuliichomeka kwenye bredibodi, ubao wa matundu wa kuunganishia bila kulehemu, kihesabio kikahesabu moja moja bila mstari wowote wa kusubiri, na kijana wetu akapata jibu lake: milisekunde zile zilikuwa zinasubiri chuma kitulie.

Geti zile mbili tulikutana nazo tena kwenye tangi.

Kama ulivyoona ukiingia, tangi la shule liko juu ya mnara na pampu iko kisimani, chini. Zamani mlinzi aliwasha pampu, akakumbuka kuizima maji yalipoanza kumwagika ukutani. Tulitaka pampu iwake maji yakifika chini na izime yakijaa. Ukiisoma haraka unaona inahitaji kijiti kimoja tu cha kuhisi maji. Kikiwa kimoja, pampu itawaka na kuzima kila wimbi linapopita, na mota haitamaliza muhula. Vinahitajika viwili, cha chini na cha juu, na kitu cha kukumbuka: maji yakiwa katikati, endelea na ulichokuwa ukifanya. Kumbukumbu hiyo ya jambo moja tu, ndiyo au hapana, ndiyo kazi ya geti mbili za NAND zilizofungana.

Tuliongeza kijiti cha tatu katikati ili jikoni wajue kiasi kilichobaki. Vijiti vitatu vinatoa hali nane kwenye jedwali la ukweli, lile linaloorodhesha kila mchanganyiko wa ndiyo na hapana, na maji ya kawaida yanaweza kuleta nne tu: tangi tupu, cha chini kimelowa, cha chini na cha kati, vyote vitatu. Hali nne zilizobaki haziwezekani, maana maji hayawezi kugusa kijiti cha juu yakiruka cha chini. Kitabu kinafundisha kwamba hali za namna hiyo uziwekee X, yaani jibu lolote ni sawa, na uzitumie kupunguza idadi ya geti. Mwaka 1979 ushauri huo ulikuwa wa busara, kila geti ilikuwa na gharama. Mwanachama wetu wa kidato cha tano alikataa. Alisema kama haliwezekani na bado bodi imeliona, basi waya umekatika au kijiti kimeshika uchafu, na hilo ndilo jambo la kwanza fundi anapaswa kuambiwa. Akachora ramani ya Karnaugh, mbinu ya kufupisha hali nyingi ziwe chache aliyoitoa Maurice Karnaugh wa Bell Labs mwaka 1953, akazikusanya hali zile nne zikawa sentensi mbili fupi: cha kati kimelowa na cha chini kikavu, au cha juu kimelowa na cha kati kikavu. Sentensi hizo zimeingia kwenye bodi ya Arduino kama mstari mmoja wa programu, na ndizo zinazowasha ile taa nyekundu uliyoiona pale jikoni. Leo haiwaki. Tunaomba iendelee hivyo mpaka uondoke.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tusije tukaonekana tunaabudu karatasi kuukuu. Vitabu hivi vinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Vinazungumzia TTL, jamii ya zamani ya chipu za geti, wakati madukani siku hizi unauziwa zaidi 74HC, jamii mpya yenye namba zinazofanana na tabia tofauti. Mdomo wa TTL usipounganishwa na kitu, chipu huuchukulia kama moja. Wa 74HC ukiachwa hewani unapokea chochote kinachopita, hata mkono wako ukiusogelea, kwa hiyo lazima ufungwe kwa rezista. Kwenye tangi, kinyume chake, tofauti hiyo ilitufaa: mdomo wa TTL unadai hadi miliampea 1.6 upande wa sifuri, mkondo ambao maji ya kisima chetu hayawezi kuupitisha, na 74HC haidai karibu chochote. Namba hizo hazimo kwenye kitabu kimoja. Tulizipata kwa kuchapisha kurasa za data za watengenezaji kule steshenari ya mjini na kuziweka pembeni ya kitabu.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu hakikulitaja kabisa. Ukiacha umeme wa betri upite kwenye vijiti muda wote, kimoja kinaliwa. Sasa bodi inavipa umeme kwa kitambo kidogo tu cha kusoma, kisha inaukata, na tumetumia stenlesi. Umeme wa volti 230 wa pampu hatuugusi. Sisi tunaishia kwenye rilei ya volti 5, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, na kutoka hapo kazi ni ya fundi umeme wa shule.

Na ipo kazi ambayo vitabu vyetu vyote vingeshindwa kwa heshima. Kengele. Shule yetu ilikuwa inagonga rimu ya lori, na vipindi vilirefuka au kufupika kutegemea mgongaji. Kuitengeneza kwa geti kengele inayojua Jumatatu ina mstarini, Ijumaa ina dini na Jumamosi haina vipindi, ungehitaji meza nzima ya chipu, na ratiba ikibadilika unaanza upya kulehemu. Kwenye bodi ni orodha ya saa ndani ya programu. Saa yenyewe tunaitoa kwenye moduli ya DS3231 yenye betri yake ya kidonge. Umeme ukikatika usiku inaendelea kuhesabu, na mtengenezaji anaihesabia kupotea kwa takriban dakika moja kwa mwaka. Rimu bado imening'inia pale mwembeni, kwa ajili ya moto na dharura.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunao mwalimu mwingine ambaye jina lake halimo kwenye ubao wa walimu. Ni fundi redio wa pale stendi. Yeye ndiye aliyetufundisha kupasha kwanza mguu wa kifaa na njia ya shaba, kisha ndipo uilete risasi iyeyuke yenyewe, badala ya kuiyeyusha kwenye ncha ya chuma na kuipaka kama siagi. Anajua transista kwa kuitazama. Hana cheti. Mara mbili tatu mlinzi mgeni amemrudisha getini akidhani amekuja kuuza betri.

Baada ya kusema hayo, tunaomba utusaidie mambo yafuatayo. Wengi mwaka huu watakuomba kompyuta, na wana haki. Sisi bodi tulizonazo zinatutosha kwa sasa. Tunaomba mita mbili za kupimia umeme, kwa kuwa moja ikiwa mezani wengine wote wanasubiri, na chuma kimoja cha kulehemia chenye kurekebishwa joto. Tunaomba chipu za jamii ya 74HC: geti, vihesabio na flip-flopu za kukumbuka ndiyo au hapana, zote hizo zinaenea kwenye bahasha. Tunaomba kauli yako ili vitabu vya sayansi vinavyosubiri kufutwa, hapa na shule za jirani, vipitiwe kwanza na walimu wa masomo husika kabla havijauzwa kwa kilo. Kabati tutatengeneza wenyewe na wenzetu wa useremala.

Ombi la mwisho ni la fundi wetu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Yeye anausikia tu, na kuacha meza yake stendi siku nzima kwenda kuulizia fomu ni kupoteza ugali wa siku hiyo. Ukimwandikia barua ya utambulisho, nauli yake klabu imeshaichanga. Amekaa kule nyuma karibu na spika, mwenye shati la bluu, na spika hizo unazotusikia nazo ndiye aliyezifufua juzi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Elektroniki na kusomwa na katibu wa klabu.