Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza Nyanda za Juu Kusini

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia maonyesho haya. Historia ya Iringa ikitajwa, wengi hukimbilia vita ya Lugalo ya 1891 na Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na ni haki yake. Mwaka huu klabu imewaleta mezani watu ambao hata vitabu vyetu vya darasani huwapitia juu juu: wapagazi, yaani wabeba mizigo, wa vita ya 1914 hadi 1918.

Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (leo Malawi na Zambia), yakaitwaa Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, yakapanda Njombe, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Reli haikuwepo nyanda hizi. Farasi, punda na maksai waliopita mabondeni waliuawa na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na ndorobo. Risasi, unga na dawa vikabebwa kichwani, kwa pande zote mbili.

Mheshimiwa, ule mzigo ulio mbele yako una kilo 25, na pembeni yake pana kilo moja ya unga, chakula cha mpagazi kwa siku. Fanya nasi hesabu. Safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi inakula kilo 20, hivyo kinachowafikia askari ni kilo 5. Ikiwa siku 13 kwenda na 13 kurudi, mpagazi anakula mzigo wote na bado anadai. Majeshi yalitoka kwenye mtego huo kwa njia mbili: kupunguza posho ya mpagazi, na kuchukua nafaka na mifugo ya vijiji vya njiani. Jirani zetu wa Ugogo wanaikumbuka njaa iliyofuata kwa jina la Mtunya.

Hata unga ulipopatikana, uliua. Wapagazi walifika kambini jioni, kuni mbichi, sufuria chache, mvua juu. Ugali ukaliwa mbichi. Aliyezoea ndizi au wali akaharisha, na maji ya kambi yakamwongezea kuhara damu. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mtu asiye na blanketi alipata nimonia. Kwa upande wa Waingereza peke yao walitumika wapagazi wapatao milioni moja, na vifo vilivyoandikwa vinazidi 95,000. Waliowabebea Wajerumani hawana hata orodha kamili.

Katika makaburi ya vita hapa Iringa mjini, askari wamewekewa mawe yenye majina. Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wanafika 350,000. Kukiri huko, kwa maoni yetu, kumechelewa mno.

Majina yaliyosalia yamo katika koo. Anayekwenda kuyatafuta aanze na jina la aliyeondoka, nani alimwandikisha, alipita wapi, na kama alirudi, kabla ya kuonyesha ramani yoyote, maana mzee akishaiona ramani ataifuata. Habari ithibitishwe katika nyumba ya pili. Kosa la kawaida ni kuchanganya vita hii na Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Dawa yake ni kuuliza kama tukio lilikuwa karibu na mafua makali ya 1918 au miaka mingi kabla yake. Na babu akiitwa askari, uliza alibeba bunduki au mzigo. Askari ana heshima, kwa hiyo wapagazi wengi hupandishwa cheo na wajukuu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni matatu. Tunaomba rekoda mbili za sauti, kwa kuwa simu hujaa na kuzima katikati ya mazungumzo. Tunaomba barua ya utambulisho kwenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. La tatu ndilo kubwa: utusaidie kupata kibali cha kusimamisha jiwe la wapagazi mjini Iringa, lenye nafasi ya kuongeza majina kadiri yanavyopatikana.

Tunaomba kuwasilisha.