Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: vijia vya Dagoretti vichorwe kabla havijafungwa

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Waithaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, na nakuandikia kuhusu vijia vya miguu vinavyopita kwenye mashamba yetu huku Dagoretti, magharibi mwa kaunti, kuanzia Waithaka kuelekea Ruthimitu na Mutuini. Kwa miaka sita nimekuwa nikikimbia huko, mara nne kwa wiki. Tulianza wawili, mimi na jirani yangu. Leo tuko kina mama kumi na mmoja, na mkubwa wetu ana miaka 63.

Naomba nikupitishe njia yetu ya Jumamosi, kama tulivyoizoea kabla haijafungwa, kwa sababu sijawahi kuiona kwenye ramani yoyote. Tunatoka saa kumi na mbili na robo, kunapopambazuka. Tukiiacha lami tunaingia kwenye kijia kilichobanwa pande zote mbili na nepia, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe. Nepia ikiwa haijakatwa, umande unakulowesha hadi kiunoni, na majani yake yanakuachia michirizi mikononi. Halafu inakuja teremko la udongo mwekundu. Hapo tunapunguza mwendo na kufupisha hatua, maana mvua ikiwa imenyesha usiku udongo ule unateleza, na ukishika viatu kila mguu unakuwa na uzito wa jembe. Chini bondeni kuna kijito, na juu yake magogo mawili ya mkaratusi yaliyofungwa kwa waya. Tunavuka mmoja mmoja. Ng'ambo ni mahindi na maharagwe, migomba kando ya maji, moshi unaopenya kwenye mabati ya jikoni, na shosho, yaani bibi, mmoja ambaye saa hizo huwa anawakatia ng'ombe wake nyasi. Akituona huinua panga juu kutusalimu, kisha anatuhesabu. Tukipungua mmoja, anauliza yuko wapi.

Njia nzima ni kilomita sita. Lami tunaikanyaga mwanzoni na mwishoni tu.

Mheshimiwa, mabingwa wetu wa mbio wanaoivalia jezi nchi hii wamelelewa na njia za namna hii. Ukienda Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400, au Kaptagat anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, utawakuta alfajiri kwenye barabara za vumbi katikati ya mashamba, kwa sababu udongo unaihurumia miguu kuliko lami. Sisi hatutafuti medali. Wengi wetu tulianza kwa sababu ya presha na sukari. Mwenzetu mmoja, siku ya kwanza, hakuweza kumaliza kile kilima cha baada ya kijito. Aliketi kwenye kisiki akalia. Alirudi kesho yake akakipanda kwa kutembea. Sasa yeye ndiye anayepita kutugongea malango. Hakulipia chochote kufika hapo, alihitaji kijia karibu na nyumba yake na wenzake wa kwenda nao.

Mwaka jana mwezi wa tatu tulishuka lile teremko tukakuta ukuta wa mabati. Yalikuwa mapya, yanang'aa, yamepigiliwa kwenye nguzo ambazo bado zilikuwa zinatoa utomvu, na kijia chetu kilikwenda moja kwa moja kikaingia chini yake. Kwenye tope palikuwa na alama za viatu vidogo vya watoto wa shule waliofika pale, wakasimama, wakageuka. Tulirudi tukazungukia barabara kubwa, ambayo sehemu ile haina mahali pa mtu wa miguu. Matatu moja ilizipita nyingine kwa upande wetu, mwenzetu akarukia mtaro, akateguka kifundo. Alikaa miezi miwili bila kukimbia, na kwa mtu wa sukari miezi miwili ni mingi.

Simlaumu aliyeweka mabati. Baba aliwagawia wanawe shamba, mmoja akauza, mnunuzi akapewa hati, na kwenye hati hakukuwa na kijia. Babu zetu walipita pale kwa kuelewana tu, na maelewano hayo hayakuandikwa popote. Shamba likishauzwa kwa vipande, mnunuzi wa kutoka mbali atajuaje?

Hapa ndipo ofisi yako inapoingia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti barabara za kaunti na sehemu za burudani za umma, na pia limetaja upimaji wa ardhi, uchoraji wa ramani, mipaka na uzio. Tena, chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayetaka kugawa shamba huhitaji idhini ya kaunti. Maana yake ni kwamba kila shamba linapokatwa vipande, karatasi zake hupita mezani kwa maafisa wako. Wakati huo ndio wa kuuliza kama kuna kijia ambacho watu wamekitumia, na kuweka sharti kibaki, hata kama ni cha upana wa mita mbili. Baadaye, nyumba zikishasimama, kuzibomoa ili watu wapite ni dhuluma, na hatutaki hilo.

Wengine wameshafanya hivi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1949 iliyozitaka halmashauri za kaunti kuchunguza na kuchora njia zote za miguu za mashambani. Mpaka leo mkulima wa huko anaweza kulima shamba lake lakini hawezi kuifunga kwa hiari yake njia iliyomo kwenye ramani hiyo. Watu hukimbia humo kati ya ngano na kondoo bila kumwomba mtu ruhusa.

Na Nairobi yenyewe ina Karura. Profesa Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa pale Januari 1999 akitetea msitu ambao wakubwa walikuwa wameanza kuugawa. Leo hekta zake zaidi ya 1,000 zina njia safi za kukimbilia, na nashukuru kila ninapofika. Ila kwa mama wa Waithaka, Karura ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na ada ya kuingia, na watoto wanataka chai kabla ya saa moja. Hawezi kufika huko mara nne kwa wiki.

Ombi letu ni kwamba umtume mpima ardhi wa kaunti Dagoretti, avitembee vijia hivi na wenyeji, avichore, na ramani hiyo iwekwe mbele ya kila afisa anayeidhinisha mgao wa mashamba. Kwa kile kilichofungwa tayari, tunaomba mtu wa ofisi yako akae na mwenye ardhi na sisi tuzungumze. Kando ya uzio wake, upande wa migomba, pamebaki nafasi ya kupita, na naamini akiombwa kwa heshima atakubali. Na yale magogo mawili tunaomba yawe daraja la mbao lenye pa kushikia, kwa ajili ya watoto wakati wa mvua za Aprili.

Kazi ya mpima tumeshaianza. Tumechora kwenye daftari la hesabu vijia vyote tunavyovijua, na pembeni tumeandika umri wa kila kimoja kama tulivyoambiwa na wazee. Shosho wa ng'ambo ametuonyesha viwili ambavyo hata sisi hatukuvijua, na amesema mpima akija yuko tayari kwenda naye, mradi aje asubuhi kabla hajakwenda kukama.

Wako kwa heshima,
Mwalimu na mkazi wa Waithaka, kwa niaba ya kina mama kumi na mmoja